Nani Kasema?

Maneno mawili tu: nani kasema? Mwandishi wa habari za afya akishindwa kuyatamka, mtu anakufa. Sifumbi maneno. Mtu anakufa, tunakwenda kuzika, tunarudi, na kipindi kilichomponza kinaendelea kesho saa ile ile.

Panda bajaji asubuhi kutoka Kinyanambo uende stendi ya Mafinga, huku kwetu mkoani Iringa. Ukungu haujainuka, baridi inang'ata masikio, redio iko juu. Sauti nzito inakwambia kwamba mzizi mmoja unamaliza kisukari, bawasiri, UTI sugu, uvimbe kwenye kizazi na upungufu wa nguvu za kiume. Magonjwa matano tofauti, dawa moja! Mtangazaji anaitikia, "Asante sana, dokta." Dokta wa nini? Kasomea wapi? Kasajiliwa na nani? Mtangazaji haulizi kwa sababu kipindi kimelipiwa. Dereva haulizi kwa sababu anasubiri habari za mpira. Na wewe abiria huulizi kwa sababu umeshazoea. Mazoea yana taabu, ndugu yangu.

Mimi nimechoka.

Nimechoka na magazeti yanayoandika kwamba mlonge unatibu magonjwa mia tatu, kana kwamba kuna mtu aliyekaa akayahesabu. Nimechoka na kurasa za mitandaoni zinazoanza na "wataalamu wanasema" halafu zinamaliza bila kumtaja hata mtaalamu mmoja. Wataalamu gani? Wa wapi? Walisema lini, na walimwambia nani? Nimechoka na vijana wanaovaa koti jeupe mbele ya simu, wanauza virutubisho vya kwenye kopo, na waandishi wanawanukuu kama vile ni mabingwa wa Muhimbili.

Waandishi wa namna hii mtaani tunawaita makanjanja, tunacheka, tunapita. Tusicheke. Kanjanja wa michezo akikosea matokeo, mashabiki wa Simba na Yanga watamsuta kabla ya jua kuzama. Kanjanja wa afya akikosea, nani atamsuta? Marehemu?

Na usidhani hili ni jambo la watu wa Dar es Salaam. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4 nchi nzima. Njombe ni asilimia 12.7. Iringa 11.1. Mbeya 9.6. Ndiyo sisi hao! Ndiyo barabara kuu hii inayokata mji wetu, ndiyo malori ya mbao za Sao Hill, ndiyo mashamba ya chai ya Mufindi. Piga hesabu: kati ya kila watu tisa wa umri huo katika mkoa wa Iringa, mmoja anaishi na virusi. Anameza vidonge kila siku, anakwenda kliniki tarehe zake, virusi vimefubazwa, analima, analea watoto.

Sasa huyu ndiye anayepanda bajaji ile asubuhi. Huyu ndiye anayesikia kuna mzee ana dawa ya kumaliza kabisa.

Unajua kinachofuata? Anayeacha vidonge leo haanguki kesho. Hapo ndipo mtego ulipo. Wiki zinapita, pengine miezi, yuko sawa, anatembea, ananenepa hata. Katika miezi hiyo hiyo ndipo anapoletwa redioni kutoa ushuhuda: "Nilikuwa naumwa, nimepona." Huku ndani virusi vinazaliana, anamwambukiza mwenzake, na akirudi kliniki akiwa mifupa mitupu, redio haimrudishi studio. Waliopona wanahojiwa. Waliokufa hawahojiwi. Maiti haitoi ushuhuda, ndiyo maana dawa za redioni hazijawahi kushindwa hata siku moja.

Mwaka 2011 tulipewa somo hili, tena kwa bei ya shilingi 500.

Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, wengi tukimwita Babu, alikaa kijijini Samunge, Loliondo, akichemsha mizizi ya mti wa mugariga. Alisema ameoteshwa na Mungu. Kikombe kimoja, mara moja tu, kwa UKIMWI, kisukari, saratani, pumu na shinikizo la damu. Magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi porini. Mawaziri wakanywa. Wagonjwa wakatolewa vitandani hospitalini, wengine na mipira ya dripu bado mkononi, wakapakiwa kwenye Land Cruiser. Zaidi ya watu 50 waliripotiwa kufa wakiwa wanasubiri, kabla hata ya kuonja. Vikombe vya kuiga vikaota Tabora, vikaota mpaka Mbeya.

Nani aliwapeleka? Mzee yule hakuwa na redio. Hakuwa na gazeti. Alikuwa na sufuria, kikombe na wasaidizi. Nchi nzima ilipelekwa Samunge na sisi wenye kalamu. Kila siku ukurasa wa mbele ulikuwa na foleni, umati, jina la mkubwa aliyekunywa. Mkubwa amekunywa, basi dawa inafanya kazi! Tangu lini uwaziri umekuwa kipimo cha damu?

Halafu ikaja ile iliyoniudhi kuliko zote. Serikali ilisema dawa ile, ukiinywa, haina madhara. Haina madhara, basi. Chai ya rangi nayo haina madhara, na haijaponya saratani ya mtu. Lakini vijiwe na vyumba vya habari vikameza maneno hayo na kutapika mengine: "Serikali yathibitisha." Ilithibitisha nini? Hakuna aliyethibitisha kwamba mgonjwa hata mmoja wa UKIMWI amepona kwa kupimwa kabla na baada, mbele ya watu wasio na maslahi. Lakini kichwa cha habari kilishauzwa, na nauli zilishalipwa.

Mzee Mwasapile alifariki Julai 2021. Apumzike. Mimi ugomvi wangu ni na waliokuwa wameshika kipaza sauti, na wengi wao bado wamekishika.

Na Wakenya wasitucheke. Julai 1990 Rais Daniel arap Moi alisimama hadharani kuitangazia dunia dawa ya UKIMWI iitwayo Kemron, kutoka KEMRI, taasisi halisi ya utafiti yenye maabara halisi. Wagonjwa waliikimbilia. Hata Wamarekani waliitafuta. Kasoro ilikuwa ipi? Wagonjwa walipewa dawa, wakaonekana wana nafuu, hesabu ikafungwa. Hakukuwa na kundi lingine la kulinganisha nalo. Baadaye tafiti, ikiwemo ya Uganda, zilipogawa wagonjwa kwa bahati nasibu, hawa Kemron, hawa dawa bandia, na yeyote asijue kapewa ipi, tofauti haikuonekana. Nafuu ile ilikuwa matumaini.

Ona basi. Rais kasema. Taasisi imesema. Magazeti yote yamesema. Na wote wamekosea.

Kwa hiyo unapoambiwa "tafuta chanzo cha kuaminika", usifikiri nakuambia utafute mkubwa. Cheo si chanzo. Koti jeupe si chanzo. Uprofesa peke yake si chanzo. Mnunuzi wa mbao hapa Mafinga hakubali ubao kwa sababu muuzaji ana sauti nzuri. Anaushika, anaupima, anauliza umekauka kiasi gani, anadai karatasi zake. Kwa ubao wa kuezekea banda! Kwa kitu kinachoingia tumboni mwa mtoto wako, unatosheka na "nimesikia".

Chanzo cha kuaminika kina tabia moja ambayo waongo hawawezi kuiiga: kinaweza kukwambia "tumeshindwa".

Sitakupeleka Ulaya kutafuta mfano. Twende Mbeya. Pale Mbeya, kwenye kituo cha utafiti cha NIMR, na Dar es Salaam, na Masaka kule Uganda, na Durban Afrika Kusini, ulifanyika utafiti wa chanjo za kukinga VVU ulioitwa PrEPVacc. Watu 1,512 walijitolea. Vijana wetu wa Nyanda za Juu walinyoosha mikono yao wakachomwa sindano ambayo hakuna aliyejua kama itafanya kazi. Mwishoni mwa 2023, jopo huru lililokuwa likikagua takwimu likasema chanjo hizi hazina dalili ya kuzuia maambukizi. Sindano zikasimamishwa, na Desemba 2023 watafiti wakatangaza mbele ya dunia: hazikufanya kazi.

Soma tena. Miaka ya kazi, fedha nyingi, majina ya watu wazima na vyeo vyao, halafu wanasimama wanasema hazikufanya kazi. Umewahi kumsikia "dokta" wa kwenye bajaji akisema hivyo? Umewahi kusikia, "Ndugu wasikilizaji, ule mzizi niliowauzia mwaka jana tumeupima, haufai, njooni mchukue fedha zenu"?

Habari ile ya Mbeya ilikuwa habari kubwa kuliko foleni yoyote ya kikombe. Je, waandishi wetu waliipigia tarumbeta? Waulize abiria wenzako wangapi wameisikia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwetu cha kujitembeza ndicho kinachopewa saa nzima hewani.

Naona wengine mmeshakunja nyuso: huyu anadharau tiba asili, amesahau bibi yake. Sijadharau. Dawa mseto ya malaria unayopewa zahanati ina asili kwenye mmea ambao Wachina waliutumia tangu zamani, na Tu Youyou aliyeufanyia kazi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini ulipimwa kwanza! Ndiyo maana nchi hii ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa sheria ya mwaka 2002, na ina TMDA ya kusajili dawa. Mwandishi, umewapigia simu? Umeuliza kama dawa hiyo imesajiliwa? Au "ni ya asili" imekutosha? Uyoga wa sumu nao ni wa asili. Nenda porini msimu wa mvua, utauona umechanua vizuri kuliko ule wa kuliwa.

Tuje kwa serikali, maana nikiwaacha mtasema nimeogopa.

Kufikia mapema Mei 2020, Tanzania ilikuwa imetangaza wagonjwa wa Corona 509 na vifo 21. Kisha namba za taifa zikakauka. Mei hiyo hiyo tukaelezwa habari za papai na mbuzi waliopimwa wakakutwa na virusi. Tukajifukiza nyungu, tukanywa tangawizi na malimao, na makaburini watu walikuwa wanajua wanachokijua. Zaidi ya mwaka mzima mwandishi aliyetaka namba hakuwa na pa kuzichukua. Mficha maradhi kifo humuumbua. Chanzo rasmi kikinyamaza, uvumi hauna haja hata ya kubisha hodi. Unaingia na kukaa sebuleni. Chanjo zilipofika Julai 2021, dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson, zilikuta watu wameshashiba maneno ya kila aina, wengine wakiamini wakichanjwa watageuka mazombi. Mnawalaumu kwa nini? Walipoulizia ukweli, waliambiwa nini?

Ikaja homa ya virusi vya Marburg. Januari 14, 2025, Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba kuna washukiwa Kagera: tisa, wanane wamekufa. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Januari 20, Rais Samia, akiwa na Tedros wa shirika hilo pale Dodoma, akatangaza kwamba mgonjwa amethibitika. Ndani ya siku sita mwananchi amesikia upo, haupo, upo. Kanjanja alifanya nini? Aliandika kila siku kama vile jana haikuwepo. Mwandishi mwenye akili angeandika nani kasema, tarehe gani, sampuli zipi, zimepimwa maabara gani, na angeongeza maneno mawili yanayookoa: hadi leo. Hadi leo hawajaona. Hadi leo wanne hawajapimwa. Msomaji akijua hivyo, wiki ijayo taarifa ikibadilika hasemi "wote waongo". Anaelewa kwamba kupima kunachukua muda.

Na mnajua, haiwi hivyo kila mara. Julai 2022 kule Lindi watu walikuwa wanatoka damu puani na kuanguka. Mitandaoni mara Ebola, mara laana. Wataalamu wakaenda, wakapima, wakarudi na jina: homa ya mgunda, ugonjwa unaobebwa na mkojo wa wanyama kama panya. Wagonjwa 20, waliofariki 3. Una dawa, unazuilika. Siku chache tu za subira! Lakini kuna waliokuwa wameshaandika "ugonjwa wa ajabu" kwa herufi kubwa nyekundu, na hawakurudi kusahihisha.

Utaniambia mwandishi wa habari si daktari, atajuaje? Hiki ndicho kisingizio ninachokichukia kuliko vyote. Mwaka 1998, jarida kubwa la Uingereza la The Lancet lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield iliyowafanya wazazi waamini chanjo ya surua inaleta usonji. Watoto waliochunguzwa walikuwa 12. Kumi na wawili! Hata foleni ya ARV kliniki ya kata haiko fupi hivyo. Wazazi wakaacha kuchanja, surua ikarudi. Aliyemfichua hakuwa daktari. Alikuwa mwandishi wa gazeti, Brian Deer, aliyeuliza swali la kijijini kabisa: nani alimlipa? Akakuta wanasheria waliokuwa wanaandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo. Mwaka 2010 jarida likaifuta makala, na Wakefield akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Shahada ya udaktari haikuhitajika. Ilihitajika ukaidi.

Wilaya hii hii ya Mufindi, kijijini Nyololo, Septemba 2, 2012, Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa akiwa kazini. Alikuwa mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa Iringa. Mtu alitoa uhai kwenye udongo huu akitafuta habari. Na wewe, mwandishi wa mkoa huo huo, unashindwa kupiga simu hospitalini kuuliza kama kitunguu saumu kinashusha presha kweli?

Hamna muda, mnasema. Muda wa kwenda semina hotelini mnao. Mnachukua posho, mnapiga picha ya pamoja, mnaandika alichosema mgeni rasmi. Haya, niambieni: utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano wenye udumavu Iringa ni karibu asilimia 57. Wa kwanza nchini! Taifa zima ni asilimia 30. Sisi tunaolisha wenzetu mahindi, viazi, maharage na maziwa, zaidi ya nusu ya watoto wetu wamedumaa. Ripoti iko wazi, haiuzwi, mtu yeyote mwenye simu anaisoma. Ni habari ya kiafya nzito kuliko zote mkoani hapa, na unaweza kuzunguka redio zote wiki nzima usisikie ikijadiliwa kama inavyojadiliwa bawasiri. Kwa nini? Kwa sababu udumavu hauna kopo la kuuza. Hakuna anayelipia kipindi cha kumwambia mama anayedamkia shambani alfajiri kwamba ugali mtupu mara mbili kwa siku haumkuzi mtoto wa mwaka mmoja.

Nimewasema waandishi. Sasa nakugeukia wewe unayetikisa kichwa kukubaliana nami.

Nani alisambaza ile sauti kwenye kundi la familia, ile ya "daktari wa Muhimbili" asiye na jina, kwamba chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inawafanya wasichana wawe tasa? Si ulisema, "Nimeipokea kama ilivyo"? Umeipokea kama ilivyo, ukaipeleka kama ilivyo, na binamu yako kule Makambako akamzuia binti yake asichanjwe. Siku hizi kila mwenye simu ni mhariri. Ukibonyeza kutuma, umechapisha. Usijifiche nyuma ya "lisemwalo lipo". Mengi yasemwayo hayapo, hayajawahi kuwepo na hayatakuja.

Mgonjwa simlaumu. Mfa maji haachi kutapatapa, na aliyeambiwa ana saratani atashika hata unyasi. Namlaumu anayesimama ukingoni akimuuzia unyasi huo kwa awamu.

Kuuliza si ujinga, tuliambiwa tangu darasa la kwanza. Basi ulizeni, na msiulize kwa upole. Nani kasema? Kajuaje? Kawapima watu au panya, na wangapi? Kawalinganisha na nani? Anapata nini nikiamini? Na kuna mwingine, asiyekula naye sahani moja, aliyepima akaona hivyo hivyo? Mhariri, habari isiyojibu hayo irudishe kwa aliyeileta. Mtangazaji, mgeni asiyejibu hayo mzimie kipaza sauti, hata kama amelipa. Msikilizaji, piga simu studio wakati kipindi kinaendelea, uliza hewani, wakikukata piga tena. Na kabla hujaacha kidonge chochote ulichoandikiwa, piga 199, namba ya Wizara ya Afya. Haitozwi hata senti.